Shajara ya Mradi: Kupima Upeo wa Wachezaji Chipukizi

Wiki ya 1

Kazi ya kwanza ya mradi huu imekuwa kusoma fomu za zamani. Klabu imehifadhi fomu za mchujo wa timu za vijana za misimu minne iliyopita, nami nimezisoma zote, nikinakili kila neno ambalo walimu walilitumia kueleza kwa nini mchezaji fulani alibakizwa na mwingine akaachwa. Maneno yaliyojirudia mno ni "ana mwili", "ana nguvu" na "ana kasi". Kwa walioachwa ni "mdogo", "anasukumika" na "bado". Maneno yanayohusu mpira wenyewe, kama vile namna mchezaji anavyoupokea, anachokiona kabla haujamfikia, au anachofanya baada ya kukosea, ni machache kiasi kwamba yangeenea katika ukurasa mmoja.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni kwamba hakuna fomu hata moja inayosema mwalimu alitarajia nini kitokee. Aliyeandika "ana kipaji" hawezi leo kuambiwa kwamba alipatia wala kwamba alikosea, kwa kuwa hakusema kipaji hicho kingeonekana katika jambo gani, wala lini. Tumekuwa tukitoa hukumu nzito juu ya watoto bila kujiwekea njia ya kujua kama hukumu hizo zina thamani yoyote, na hiyo, kwangu mimi, ni sababu ya kutosha ya kuwa na mradi huu.

Nimependekeza kwamba kuanzia sasa tutenganishe mambo mawili ambayo fomu za zamani ziliyachanganya: uwezo wa sasa, yaani kile ambacho mchezaji anakifanya leo uwanjani, na upeo, yaani mahali anapoweza kufika akikua na kufundishwa vizuri. Walimu wamekubali, ingawa mwalimu wa timu ya chini ya miaka 14, ambaye amefundisha vijana kwa muda mrefu kuliko sisi wengine wote, alinijibu kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nimeiandika kauli hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa sababu ndiyo dhana ambayo kazi yetu yote inapaswa kuipima.

Wiki ya 2

Nimepanga majina ya wachezaji wote wa timu za vijana kwa mwezi wa kuzaliwa. Miezi ya mwanzo ya mwaka imejaa, na kadiri nilivyoelekea Desemba ndivyo majina yalivyozidi kupungua. Katika timu ya chini ya miaka 12 hakuna mchezaji hata mmoja aliyezaliwa Novemba au Desemba.

Jambo hili linajulikana kwa watafiti tangu mwaka 1985, pale Roger Barnsley na wenzake walipoonyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafu nchini Canada walikuwa wamezaliwa kwa wingi usiolingana katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na baadaye hali hiyohiyo ikaonekana katika soka la vijana la nchi nyingi. Sababu yake si ngumu kuieleza. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule huwekwa katika kundi moja, na katika umri wa miaka kumi tofauti ya miezi kumi na moja ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yao. Mkubwa huchaguliwa, hupata mazoezi mengi zaidi na mechi ngumu zaidi, na baada ya miaka mitatu anakuwa bora kweli, hata kama hapo mwanzo alikuwa ametangulia kuzaliwa tu. Ushahidi kwamba chanzo ni kalenda, na wala si jambo lolote la asili katika mwezi wa Januari, uko Uingereza, ambako makundi ya umri hufuata mwaka wa shule unaoanza Septemba: huko wanaopendelewa ni waliozaliwa Septemba, Oktoba na Novemba. Harry Kane, aliyezaliwa tarehe 28 Julai 1993, yaani karibu na mwisho kabisa wa mwaka huo wa shule, aliachwa na Arsenal angali mtoto mdogo, kisha akaja kuwa mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya Uingereza.

Niliwasomea walimu orodha hiyo. Mmoja alisema kwamba wao huangalia mpira, hawaangalii cheti cha kuzaliwa. Namwamini kabisa, na kwa kuwa hakiangaliwi, umri unapenya katika hukumu zetu bila mtu kuuona. Nilirejea kauli ya nyota na asubuhi, nikauliza kama tunachokiona si nyota njema bali ni yule aliyeamka mapema kuliko wenzake. Mwalimu wa chini ya miaka 14 hakujibu, lakini aliomba nakala ya orodha.

Wiki ya 3

Umri wa cheti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umri wa mwili, na hapa tofauti ni kubwa zaidi. Wavulana hufikia kilele cha kasi ya kukua wakiwa na miaka 14 hivi, lakini wapo wanaokifikia mapema kwa mwaka mmoja au miwili na wapo wanaochelewa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo utamkuta mvulana wa miaka 13 mwenye misuli ya kijana na mwingine wa umri huohuo ambaye balehe haijamgusa. Wanapogombea mpira wa kichwa, tunachokipima ni homoni.

Tumechagua njia mbili za kukadiria. Ya kwanza ni kanuni ya Mirwald na wenzake ya mwaka 2002, inayotumia kimo, urefu wa kukaa, uzito na umri ili kukisia mchezaji yuko umbali gani kutoka kilele cha kukua. Ya pili ni ya Khamis na Roche ya mwaka 1994, inayokisia kimo cha utu uzima kwa kutumia kimo na uzito wa mtoto pamoja na vimo vya wazazi wake, ili tujue mtoto amekwisha kufikia asilimia ngapi ya kimo chake cha mwisho. Zote mbili zina makosa yake: ya kwanza huwakosea zaidi wale wanaopevuka mapema sana au kwa kuchelewa sana, ambao ndio hasa tunaotaka kuwajua, na ya pili ilijengwa juu ya vipimo vya watoto wa Marekani. Tumekubaliana kwamba namba hizi zitatumika kuuliza maswali, na hakuna mchezaji atakayeachwa au kubakizwa kwa sababu ya namba hizi peke yake.

Upimaji wa kwanza ulikwenda vibaya. Watu wawili walipima watoto walewale na wakatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, wengine walipimwa na soksi nene, na kundi la pili lilipimwa baada ya mazoezi ya jioni, wakati ambapo kimo huwa kimepungua kidogo kwa kuelemewa na uzito wa mwili kutwa nzima. Tumerudia kazi yote: asubuhi, miguu mitupu, kisigino na mgongo vikigusa ukuta, vipimo viwili kwa kila mtoto, na cha tatu iwapo viwili vya kwanza havilingani. Vimo vya wazazi tulivyoambiwa kwa simu tumeviwekea alama ya shaka, kwa kuwa watu wazima wana desturi ya kujiongezea.

Mtoto mmoja, jezi namba 15 ya timu ya chini ya miaka 14, alijiinua kwa vidole vya miguu kila tulipotaka kusoma kipimo chake. Nilipomwuliza kwa nini, alisema kwamba wanaochaguliwa ni warefu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alikuwa ameona mwenyewe. Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu yanaeleza utaratibu wetu wa zamani kwa usahihi kuliko ripoti yangu ya wiki ya kwanza.

Kuna jambo jingine la kiafya ambalo tumelipitisha bila mjadala mrefu. Katika miezi ya kukua kwa kasi, mifupa hutangulia misuli na kano, na watoto wengi hupata maumivu chini ya goti au kwenye kisigino, huku wakipoteza kwa muda ulinganifu wa miguu waliokuwa nao. Mguso wa kwanza huharibika, mbio huwa nzito, na mtoto aliyekuwa stadi huonekana kama amesahau mpira. Mchezaji aliye katika kipindi hicho hatachujwa mpaka kipite, na mzigo wake wa mazoezi utapunguzwa.

Wiki ya 5

Wiki hii tulijipima sisi wenyewe. Walimu wanne walitazama video ya mechi moja, kila mtu peke yake, wakampa kila mchezaji alama ya jumla kati ya 1 na 10 kama tulivyozoea. Kwa wachezaji wawili bora na wawili dhaifu tulikubaliana. Kwa wote waliobaki katikati, ambao ndio mchujo huwagusa, alama zilitawanyika kiasi kwamba kuachwa au kubakizwa kwa mtoto kungetegemea ni mwalimu gani alikuwa zamu siku hiyo.

Tulipochunguza sababu tulikuta kwamba alama ya jumla hubebwa na tukio moja. Winga aliyefunga bao zuri alipewa alama za juu katika kila kitu, hata katika kukaba, ilhali video inaonyesha kwamba alikaba mara mbili tu katika kipindi kizima. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilieleza jambo hili mwaka 1920 alipoona kwamba maofisa wa jeshi waliomwona askari kuwa mzuri katika sifa moja walimwona mzuri katika sifa zote. Dawa tuliyoichagua inafanana na ile aliyoibuni mwanasaikolojia Daniel Kahneman akiwa kijana katika jeshi la Israel miaka ya 1950: wahoji walitakiwa kutoa alama kwa sifa sita, kila sifa kivyake na kwa mpangilio, na hisia ya jumla wakaisema mwishoni tu. Fomu yetu mpya inafuata mtindo huo, na tumeongeza sharti kwamba mwalimu amalize kipengele kimoja kwa wachezaji wote kabla ya kugusa kipengele kinachofuata.

Mjadala mrefu ulihusu vipengele vyenyewe. Klabu ya Ajax ya Uholanzi inajulikana kwa kigezo chake cha mambo manne, yaani ufundi, uelewa wa mchezo, haiba na kasi, nasi tulianzia hapo, lakini tuligundua upesi kwamba neno kama "uelewa" kila mmoja wetu analijaza maana yake. Tukaamua kwamba kila kipengele kiandikwe kama tendo linaloonekana. Badala ya "ana uelewa" tumeandika: "hugeuza kichwa kutazama nyuma na pembeni kabla mpira haujamfikia". Tendo hili limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi na mtafiti Geir Jordet wa Norway, na uzuri wake ni kwamba linahesabika kwenye video, halihitaji kimo wala misuli. Kipengele cha haiba kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu fomu za zamani zilisifu watoto watulivu na watiifu, na sina hakika kwamba utiifu una uhusiano wowote na soka. Hatimaye tumekubaliana kuandika kile ambacho mchezaji anakifanya katika sekunde chache baada ya kupoteza mpira, na kile anachokifanya katika zoezi linalofuata baada ya kukosolewa.

Wiki ya 8

Tumefanya majaribio ya kwanza ya mechi ndogo za wanne kwa wanne. Kila mechi ni fupi, na baada ya kila mechi timu huvunjwa na kupangwa upya, ili kila mchezaji acheze na karibu kila mwenzake na dhidi ya karibu kila mwenzake. Mchezaji hupata alama binafsi timu yake inaposhinda au kutoka sare. Baada ya mechi za kutosha, bahati ya kupangwa na wenzake wazuri hupungua, na unaanza kuona ni nani ambaye timu yoyote anayoingia huwa bora.

Pamoja na hilo tumejaribu wazo la David Mann na Pleun van Ginneken, watafiti walioonyesha mwaka 2017 kwamba kuwaambia wasaka vipaji tarehe za kuzaliwa hakukutosha kuondoa upendeleo, lakini kuwavalisha watoto jezi zenye namba zilizofuata mpangilio wa umri kuliuondoa. Katika mechi hizi namba 1 alikuwa mkubwa kuliko wote, na namba ilipozidi kupanda umri ulizidi kushuka. Athari yake kwetu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotazamia, kwa sababu kila jicho lilipoangukia mchezaji, umri wake ulikuwa mgongoni. Nilimsikia mwalimu mmoja akisema, bila kuulizwa, "huyo ni wa mwisho kabisa na bado anampita namba 2".

Njia hii ina mipaka, nami sitaki tuisahau kwa furaha ya wiki hii. Mechi ndogo humpendelea mwepesi wa miguu na humficha beki wa kati ambaye sifa yake ni kusimama mahali sahihi katika uwanja mpana. Kuhusu makipa haituambii karibu chochote. Watapimwa kivyao na mwalimu wao.

Wiki ya 11

Wiki hii imenifundisha kuliko zote zilizotangulia. Tulipanga makundi kwa upevu wa mwili badala ya umri, kama ambavyo vituo vya vijana vya klabu za Ligi Kuu ya Uingereza vilianza kufanya mwaka 2015 kwa msaada wa Sean Cumming wa Chuo Kikuu cha Bath. Wachezaji waliofikia kati ya asilimia 85 na 90 ya kimo chao cha utu uzima walicheza pamoja, bila kujali kama wana miaka 12 au 14.

Nilikuwa nimekuja kuwatazama wadogo. Ni kweli kwamba walibadilika: namba 15, ambaye katika kundi lake la kawaida hutoa pasi mapema ili asiguswe, alianza kuukalia mpira, kuwaita wenzake na kuamuru nani aende wapi. Lakini waliobadilisha mawazo yangu ni waliopevuka mapema, waliopandishwa kucheza na wakubwa wanaolingana nao kwa mwili. Mshambuliaji wetu tegemeo wa chini ya miaka 14, ambaye msimu uliopita alifunga karibu kila mechi kwa kumsukuma beki na kukimbia, alikutana na mabeki wasiosukumika. Katika dakika ishirini za kwanza alipoteza karibu kila mpira. Hakuwa na njia ya pili. Tangu akiwa na miaka kumi hajawahi kuihitaji, nasi tuliomsifu kila Jumamosi hatukuwahi kumfundisha.

Nilipoanza mradi huu niliamini kwamba wanaodhulumiwa na utaratibu wetu ni wadogo wanaoachwa. Sasa naona kwamba tunamdhulumu pia mkubwa tunayembakiza, kwa sababu tunamkopesha sifa ambazo wenzake watakapokua atadaiwa zote kwa siku moja. Historia ya mchezo ina mifano ya pande zote mbili. Antoine Griezmann, aliyekuja kuwa nyota wa timu ya taifa ya Ufaransa, alikataliwa na klabu kadhaa za nchi hiyo kwa udogo wa mwili kabla Real Sociedad ya Hispania haijamchukua. Freddy Adu alicheza katika ligi kuu ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14, na hakufikia yale aliyotabiriwa. Hata hivyo nimewasihi walimu wasiifanye mifano hii kuwa hoja. Tunamjua Griezmann kwa sababu alifaulu, na wapo wengi waliokuwa wadogo kama yeye ambao hawakuwa na upeo wowote wa ajabu. Udogo si dalili ya kipaji. Ni sababu ya kusubiri kabla ya kutoa hukumu.

Mshambuliaji huyo amepangiwa kucheza na wakubwa mara moja kwa wiki, na mwalimu wake amemweleza kwamba si adhabu.

Wiki ya 16

Tumepima kasi ya kujifunza. Tulichagua jambo ambalo hakuna timu yetu iliyokuwa imefundishwa kwa makusudi: kupokea pasi kwa mguu ulio mbali na mpira, mwili ukiwa umefunguka kuelekea goli la wapinzani. Tulilifundisha kwa siku tatu, tukapima siku hiyohiyo ya tatu, tukapima tena baada ya wiki moja, na mara ya mwisho baada ya mwezi, ndani ya mechi, bila kuwakumbusha.

Waliokuwa bora siku ya tatu hawakuwa walewale waliokuwa bora baada ya mwezi. Baadhi yao walilifanya vizuri mbele ya koni na wakalitupa mara tu mpinzani alipotokea, na wengine, waliojikwaa mno mwanzoni, walilitumia katika mechi bila kufikiri. Iwapo nitaruhusiwa kubakiza kipimo kimoja tu katika mradi huu wote, nitabakiza hiki, kwa kuwa upeo ni swali la mabadiliko na hiki ndicho kipimo chetu pekee kinachotazama mabadiliko. Katika fomu tumeongeza pia swali ambalo ajabu yake ni kwamba halikuwahi kuulizwa: mchezaji huyu amefundishwa rasmi kwa miaka mingapi? Watoto wawili wanaolingana leo, mmoja akiwa na miaka sita ya mazoezi na mwingine miwili, hawalingani.

Wiki ya 20

Mkutano wa mchujo ulichukua siku mbili. Kwa kila mchezaji aliye katikati, kila mwalimu aliandika utabiri wake kabla ya kusikia wa mwingine: tendo gani litaonekana, kufikia lini, na ana hakika kiasi gani kati ya kumi. Utabiri umefungwa katika bahasha na utafunguliwa tarehe iliyoandikwa juu yake.

Namba 15 alijadiliwa kwa muda mrefu kuliko wote. Kwa fomu ya zamani angeachwa msimu huu. Mimi niliandika saba kati ya kumi kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa akianza mechi katika kundi lake la umri. Mwalimu wa chini ya miaka 14 aliandika tatu, na hoja yake si kimo. Alisema kwamba ametazama video zote na kuona kuwa mtoto huyu hutazama pembeni vizuri akiwa na nafasi, lakini akibanwa huacha kabisa kutazama. Nilirudi kwenye video usiku, nikahesabu, na amesema kweli. Amebakizwa, na jambo hilo limeingizwa katika mpango wake wa mazoezi.

Wachezaji watatu wameachwa. Kila mmoja ameitwa pamoja na mzazi au mlezi wake, amesomewa kilichoandikwa juu yake, na ameambiwa ni mwezi gani anaweza kurudi kutazamwa upya. Mmoja alilia, na hakukuwa na fomu ya kunisaidia katika hilo.

Wiki ya 24

Bahasha za kwanza, zile za utabiri wa mwezi mmoja, zimefunguliwa. Nilitabiri nane kati ya kumi kwamba kiungo wa chini ya miaka 16 atapokea kwa mguu wa mbali katika zaidi ya nusu ya pasi zake. Hakufika hata robo. Mwalimu wake aliandika mbili, akieleza kwamba kijana huyo yuko katikati ya kukua kwa kasi na miguu yake haimtii. Nilikuwa na kipimo cha kimo chake mezani na sikukitazama.

Kuanzia wiki ijayo, jedwali la vipimo vya ukuaji litabandikwa kwenye ukurasa uleule wa utabiri. Kimo cha namba 15 kimepimwa leo asubuhi: kimeongezeka sentimita moja na nusu tangu upimaji wa wiki ya 3, visigino vikiwa chini.